Jinsi ya Kuwaandaa Walimu Kufundisha Matumizi Bora ya Nishati: Mwongozo Kamili kwa Wawezeshaji

Wawezeshaji wengi wanaoandaa semina za matumizi bora ya nishati kwa walimu wa msingi na sekondari hukutana na matokeo yaleyale. Walimu huhudhuria, huandika, hupiga picha ya pamoja, kisha wakirudi darasani kipindi kinaishia kwenye bango la "Zima taa usipoitumia" na orodha ya vyanzo vya nishati ambayo wanafunzi walikwisha kuikariri zamani. Muulize mwanafunzi huyo ni kipi kinachomaliza umeme nyumbani kwao, naye atajibu kuwa ni balbu, kwa sababu balbu ndiyo aliyoambiwa aizime.

Tatizo si uvivu wa mwalimu. Semina ilimpa mawaidha bila kumpa kipimo. Mwongozo huu umejengwa juu ya sharti moja ambalo mwezeshaji hapaswi kulilegeza: mwalimu asifundishe jambo lolote la matumizi ya nishati ambalo hajalipima kwa mikono yake mwenyewe. Umeandikwa kwa mazingira ya Tanzania, yenye mita za LUKU, yaani za umeme unaolipiwa kabla ya kutumika, na majiko ya mkaa, ingawa mwezeshaji wa Kenya mwenye mita ya tokeni anaweza kuufuata bila mabadiliko makubwa.

## Vifaa vinavyohitajika

Vikusanye vyote kabla ya kualika mtu yeyote, kwa maana kifaa kimoja kikikosekana jaribio hugeuka kuwa hotuba.

- Mita ya LUKU inayofikika kwa macho, ikiwezekana ya jengo dogo lenye vifaa vichache.
- Birika la umeme, pasi, balbu ya kizamani ya wati 60 na balbu ya LED ya wati 9.
- Majiko mawili ya mkaa: moja la bati la kawaida na moja banifu lenye udongo ndani.
- Sufuria mbili za ukubwa mmoja pamoja na vifuniko vyake.
- Mizani ya jikoni inayosoma gramu, na mkaa wa gunia moja, usiochanganywa.
- Kopo mbili za bati zenye mifuniko inayobana, na koleo la kushikia mkaa wa moto.
- Kipimajoto cha nyuzi 0 hadi 100 au zaidi, na simu yenye saa ya kuhesabu sekunde.
- Risiti za LUKU za miezi mitatu au zaidi, za shule au za walimu wenyewe kwa hiari yao.
- Bango kitita, kalamu za wino mzito, na daftari moja kwa kila mwalimu.

Kama shule haina umeme, omba ruhusa ya kutumia mita ya zahanati, ofisi ya kijiji au duka la jirani kwa saa mbili. Majaribio ya mkaa hayahitaji umeme, na kwa shule za namna hiyo ndiyo yenye uzito zaidi.

## Muda na washiriki

Usifanye semina ya siku moja. Panga vikao vitatu vya nusu siku, vikitenganishwa na wiki mbili mbili, ili mwalimu apate muda wa kupima nyumbani kwake na kujaribu somo darasani. Shule zenye Jumuiya za Ujifunzaji chini ya mpango wa MEWAKA (Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini) tayari zina utaratibu wa walimu kukutana na kujadili masomo, hivyo ni busara kuviingiza vikao hivi humo kuliko kuanzisha ratiba mpya ambayo Mwalimu Mkuu ataiona kuwa mzigo. Kikao cha kwanza kibebe Hatua ya 1 hadi ya 3, cha pili Hatua ya 4 hadi ya 6, na cha tatu Hatua ya 7.

Walimu ishirini wanatosha, katika makundi ya watu wanne. Waalike pia mpishi wa shule na mwalimu anayesimamia manunuzi. Mpishi anajua habari za kuni za shule kuliko mtu mwingine yeyote, na nisingeendesha mafunzo haya bila yeye.

## Hatua ya 1: Wapime walimu kabla ya kuwafundisha

Andika kwenye bango vitu sita: balbu ya LED, feni, televisheni, friji, pasi, na hita ya maji ya kuogea. Kila mwalimu, peke yake na bila kuzungumza, avipange kuanzia kinachotumia umeme mwingi kwa mwezi hadi kinachotumia kidogo, kisha akunje karatasi na kuihifadhi.

Sababu ni kwamba mtu asiyekuwa ameweka jibu lake kwenye karatasi hudai baadaye kwamba alikuwa anajua. Usisahihishe chochote kwa sasa. Ukiona walimu wawili wa fizikia wanabishana kuhusu friji, hatua hii imefaulu.

## Hatua ya 2: Isomeni mita

Hapa ndipo mafunzo mengi huanguka. Mzizi wa anguko hilo ni kuchanganya wati na uniti. Wati ni kasi ambayo kifaa hutumia nishati kwa wakati huo. Uniti ni kiasi kilichokwisha kutumika: uniti moja, inayoandikwa pia kWh, ni sawa na kifaa cha wati 1,000 kuwaka kwa saa moja. Mwalimu anaweza kukariri maelezo hayo kwa miaka kumi bila kuyaelewa, ilhali mita humwonyesha kwa dakika kumi.

Kwenye uso wa mita kuna taa ndogo, mara nyingi nyekundu, inayowaka na kuzima. Karibu nayo huandikwa namba ikifuatiwa na herufi imp/kWh. Ikiwa namba hiyo ni 1000, taa huwaka mara 1,000 kwa kila uniti moja, na kwa hiyo kila mwako ni wati-saa moja. Mita nyingine zina 1600 au 3200, hivyo isomeni namba ya mita iliyo mbele yenu kabla ya kuanza hesabu.

Namna ya kufanya. Zimeni na kuchomoa kila kifaa kwenye jengo, ikiwamo friji na chaja za simu. Subirini dakika chache mhakikishe taa ya mita imetulia. Kisha washeni kifaa kimoja tu, mpime sekunde kati ya mwako mmoja na mwako unaofuata, mrudie mara tano na kuchukua wastani. Kwa mita ya 1000, wati ni 3,600 ikigawanywa kwa sekunde hizo. Kwa mita yenye namba nyingine, gawanyeni kwanza 3,600,000 kwa namba ya mita, halafu jibu mligawanye kwa sekunde.

Anzeni na balbu ya wati 60, ambayo kwa mita ya 1000 huwaka mara moja kila dakika. Fuatisheni birika la wati 2,000: taa sasa inapigapiga kila baada ya sekunde 1.8, na walimu waliokuwa wamesimama nyuma husogea mbele kuangalia. Malizieni na LED ya wati 9, ambayo inatoa mwanga unaokaribiana na ule wa balbu ya wati 60 lakini humlazimu mtu kusubiri dakika 6 na sekunde 40 kwa mwako mmoja. Waache wasubiri. Hakuna maneno ya mwezeshaji yatakayofundisha tofauti hiyo vizuri kuliko uchovu wa kusimama pale.

Baada ya hapo semeni kwa sauti jambo ambalo kila mwalimu ataliandika kwa maneno yake: kasi ya kuwaka kwa taa ile ndiyo wati, na hesabu ya miwako yote ndiyo uniti.

Pasi ipewe muda wake. Ikishapata moto, pasi hujizima yenyewe, na taa ya mita nayo hutulia, halafu inaanza tena. Waulizeni walimu kwa nini. Kutokana na jibu lao wataelewa pia kosa la kuchukua wati zilizoandikwa nyuma ya friji na kuzizidisha kwa saa 24, kwa kuwa mota ya friji nayo hupumzika na kuamka siku nzima. Kosa hilo limo hata katika vijitabu vinavyosambazwa mashuleni.

Msishangae namba zikitofautiana na kibandiko. Wati zilizoandikwa kwenye birika ni za volti 230. Mahali ambapo umeme ni mdogo, tuseme volti 207, birika la wati 2,000 litasoma takribani wati 1,600. Litachelewa kuchemsha, lakini uniti za kuchemsha maji yaleyale zitakaribia kuwa zilezile. Mwalimu akiweza kueleza hilo bila msaada, amekwisha kuvuka.

Tahadhari. Mtu yeyote asiguse lakiri ya mita, asifungue boksi wala asipande nguzo. Kama mita yenu iko kwenye nguzo na ndani mna kibodi cha kuingizia tokeni tu, tumieni uniti zinazoonyeshwa kwenye kioo, na mchague kifaa kikubwa kinachowaka muda mrefu ili badiliko lionekane. Jaribio la pasi na birika lifanywe na watu wazima, kila kifaa kwenye soketi ya ukutani na si kwenye waya wa kuunganishia uliojaa vifaa.

Dalili ya mafanikio. Kila kundi linaweza kupewa kifaa lisichokijua, kibandiko kikiwa kimefunikwa, na kukisia wati zake kwa kukosea si zaidi ya moja ya kumi.

## Hatua ya 3: Isomeni risiti ya LUKU

Mwanafunzi akimuuliza mzazi kwa nini fedha ileile ilileta uniti chache mwezi huu, mara nyingi hujibiwa kwamba mita inaibia. Mwalimu lazima awe na jibu bora zaidi. Gawanyeni risiti na kila kundi litenganishe bei ya nishati yenyewe na makato mengine: VAT (kodi ya ongezeko la thamani), tozo za REA (Wakala wa Nishati Vijijini) na EWURA (mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji), na kodi ya majengo ambayo tangu mwaka 2021 hukatwa kupitia LUKU. Kodi hiyo huhesabiwa kwa mwezi, kwa hiyo anayenunua mara ya kwanza katika mwezi hupata uniti chache kuliko anaponunua tena siku chache baadaye kwa fedha ileile, na anayekaa miezi miwili bila kununua hukutana na limbikizo.

Bei ya uniti isomwe kwenye risiti, isichukuliwe kutoka mtandaoni wala kutoka kwenye mwongozo wowote, ukiwamo huu, kwa kuwa hubadilika na hutofautiana kwa kundi la mteja. Hatua hii haihitaji zaidi ya dakika arobaini.

## Hatua ya 4: Chemsheni maji

Nishati nyingi inayotumika katika nyumba zetu haipiti kwenye waya. Ni ya kupikia, nayo hutoka kwenye kuni na mkaa. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034 unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034, na somo la nishati linaloishia kwenye taa linakuwa limeruka sehemu kubwa ya jambo lenyewe.

Hesabu ya kwanza: nishati inayohitajika. Kupandisha joto la kilo moja ya maji kwa nyuzi moja kunahitaji kilojuli 4.2. Lita 3 kutoka nyuzi 25 hadi 100 zinahitaji 3 × 4.2 × 75, yaani kilojuli 945. Kumbukeni kupima joto la maji ya kuanzia. Mjini Mbeya maji yatachemka kwenye takribani nyuzi 94 kwa sababu ya mwinuko, hivyo tumieni namba mnayoisoma wenyewe, msilazimishe 100.

Jaribio la mkaa. Pimeni gramu 400 za mkaa kwa kila jiko. Washeni kwa njia moja na kwa kiasi kilekile cha vijiti. Mafuta ya taa yaachwe. Mkaa ukishika, injikeni sufuria yenye lita 3, ikiwa na kifuniko. Maji yakichemka, ondoeni sufuria mara moja, mtie mkaa uliobaki kwenye kopo kwa koleo, mkiacha majivu, na kubana mfuniko ili moto ufe kwa kukosa hewa. Ukipoa, upimeni.

Msiuzime kwa maji, kwa sababu mkaa uliolowa utawaongezea uzito na kuonyesha kwamba jiko baya ni zuri. Majiko yote mawili yawe upande mmoja usiopigwa na upepo, la sivyo mtakuwa mmepima upepo.

Kilo moja ya mkaa mkavu ina takribani megajuli 29. Tuseme jiko la bati limetumia gramu 160: hizo ni kilojuli 4,640, na kilojuli 945 zilizoingia kwenye maji ni kama asilimia 20 tu. Jiko banifu likitumia gramu 110, kiwango kinapanda hadi karibu asilimia 30. Namba zenu zitakuwa tofauti. Kilicho muhimu ni kwamba walimu waone sehemu kubwa ya mkaa ikipasha hewa, bati na miguu ya mpishi.

Rudieni mara moja jiko la bati bila kifuniko. Kisha pimeni birika la umeme kwa lita 1: likiwa la wati 2,000 na likichemsha kwa dakika 3, limetumia uniti 0.1, wakati hesabu ya maji peke yake ni uniti 0.0875. Walimu wafanye wenyewe ulinganisho wa gharama kwa bei ya mkaa ya soko lao na bei ya uniti kwenye risiti yao. Mahali pengi kunazuka mjadala mkali hapa, na mwezeshaji ajizuie kuutolea hukumu.

Tahadhari. Majiko ya mkaa yawashwe nje kabisa. Mkaa unaowaka hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo huua watu ndani ya vyumba vilivyofungwa. Kopo za mkaa zibaki nje hadi zipoe kabisa. Walimu watakaporudia jaribio hili na wanafunzi, wanafunzi wapime na kuandika, ila mkaa wa moto ushikwe na mwalimu.

Dalili ya mafanikio. Mwalimu anaweza kueleza zile asilimia 80 nyingine za nishati ya mkaa kwenye jiko la bati zimekwenda wapi, akionyesha kwa kidole sehemu za jiko.

## Hatua ya 5: Ukaguzi wa shule, ukianzia jikoni

Zungukeni shule mkiwa na daftari. Mpishi aongoze, naye aulizwe maswali ya kweli: maharage hulowekwa usiku? Kuni hukaushwa chini ya paa au hulala mvuani? Sufuria kubwa lina kifuniko kinachokaa? Kuni mbichi hutumia sehemu ya moto wake kukausha maji yaliyomo ndani yake, na maharage yaliyolowekwa usiku kucha huiva kwa muda mfupi zaidi. Hayo mawili hayadai bajeti.

Kwenye madarasa na ofisi, andikeni kila kifaa, wati zake na saa zake kwa siku. Jumlisheni kwa mwezi na kulinganisha na uniti za kwenye risiti. Jumla ikizidi risiti, kuna saa zilizokisiwa kupita kiasi. Ikipungua sana, kuna kifaa mlichokisahau: mara nyingi ni pampu ya maji au taa za nje zinazowaka hadi asubuhi.

## Hatua ya 6: Kila mwalimu aandae somo moja na alifundishe

Mwalimu asiondoke na kitini. Aondoke na andalio la somo la vipindi viwili, lenye kipimo kimoja ambacho wanafunzi watakifanya. Darasa lenye wanafunzi 80 haliwezi kuzunguka mita moja, kwa hiyo watu watano wakasome taa na kuita "sasa!", wengine wahesabu sekunde darasani na kuchora jedwali. Mwalimu wa Hisabati achukue hesabu za uniti, wa Jiografia achukue kuni na misitu. Somo hili si mali ya mwalimu wa sayansi peke yake.

Afundishe mbele ya wenzake kwanza, nao wamuulize maswali ambayo wanafunzi watayauliza. Swali moja halikosekani: kwa nini tubane umeme wakati Bwawa la Julius Nyerere lina megawati 2,115? Jibu zuri halimkemei mwanafunzi. Megawati ni kasi ambayo mitambo yote tisa inaweza kuzalisha kwa pamoja, wakati nyumba inalipia uniti ilizotumia, na bwawa haliwapunguzii wazazi fedha ya uniti iliyopotea bure. Tena mkaa wa jikoni hautoki kwenye bwawa hilo la mto Rufiji.

Mwalimu pia awe tayari kuacha wimbo wa balbu. Hita ya kuogea ya wati 4,500 kwa dakika 10 hutumia uniti 0.75, ambazo zingewasha LED ya wati 9 kwa saa 83. Hapa ndipo karatasi zilizokunjwa katika Hatua ya 1 zifunguliwe, na kila mmoja aone alikoweka hita. Kanuni ambayo wanafunzi wanapaswa kuifikia wenyewe ni kwamba vifaa vya kutengeneza joto, na vinavyowaka muda mrefu, ndivyo vya kuangaliwa kwanza.

Kazi ya nyumbani isimwaibishe mtoto. Orodha ya vifaa vya nyumbani ni orodha ya mali. Usimwite mwanafunzi asimame kusoma kwamba kwao kuna kibatari wakati jirani yake ana friji mbili. Karatasi zitumie namba badala ya majina, na jedwali liwe na safu ya kuni, mkaa na gesi, pamoja na muda wa kutafuta kuni, ambao mara nyingi hubebwa na wasichana na kina mama na haumo kwenye risiti yoyote.

Dalili ya mafanikio. Wakati wa somo, wanafunzi wanazungumza namba zao wenyewe kuliko mwalimu anavyozungumza.

## Hatua ya 7: Fuatilia kwa swali, si kwa bango

Kabla ya kikao cha tatu kila mwalimu awe amefundisha somo lake na kuleta karatasi kumi za majibu ya swali moja, lisiloambatana na maelezo yoyote: "Balbu ya wati 9 imeachwa ikiwaka saa 12 za usiku. Pasi ya wati 1,000 imepokea umeme kwa dakika 15. Kipi kimetumia zaidi, na umejuaje?" Balbu imetumia wati-saa 108, pasi 250.

Someni sehemu ya "umejuaje" kwa makini zaidi kuliko jibu. Anayeandika "pasi, kwa sababu ina wati nyingi" amepata jibu bila kuelewa, kwa sababu hakugusa muda. Mbadilishieni swali: pasi iwe dakika 5, yaani kama wati-saa 83, mwone kama atageuza jibu.

Darasa ambalo zaidi ya nusu limekosa hoja ya muda halihitaji semina nyingine. Mwalimu wake arudi na kundi lake kwenye Hatua ya 2 peke yake, wasimame mbele ya mita kwa saa moja, kisha alirudie somo juma linalofuata.